Yangeyange Juu ya Jiko

Khiem aliletwa kwetu kwa mtumbwi, amelazwa chali chini ya mananasi. Aliposhuka alikuwa na mikwaruzo shingo nzima, na mkoba wa turubai ameukumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Tulidhani ni daktari. Tu Lep, mbeba mzinga wetu, ambaye jino lilikuwa limemtesa mwezi mzima, akamkimbilia akaachama mdomo.

"Jino lipi?" Khiem akauliza kwa upole.

"La huku nyuma, kaka."

Khiem akachungulia, akazunguka upande wenye mwanga, akatoa penseli, akaanza kumchora mdomo.

Ndivyo tulivyojua kwamba tumeletewa mchoraji. Tu Lep alikasirika siku mbili, ya tatu akaomba ile picha amtumie mama yake, aone kwamba mwanawe bado ana meno.

Huo ulikuwa mwaka wa sitini na saba, baada ya mavuno, katika msitu wetu wa kando ya mfereji. Mimi ndimi niliyekuwa mpishi wa kombania. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, naitwa Ut Thom, Ut kwa sababu nilikuwa kitinda mimba, na mtu akisikia Ut anajua mara moja kwamba huyu amedekezwa. Niliwapikia watu sabini, na jiko langu halikuwahi kutoa moshi.

Naomba hilo ulisome mara mbili. Watu wanadhani vita ni bunduki. Vita ni kupika wali wa watu sabini bila ndege kujua. Kulikuwa na kindege kimoja tulichokiita Bibi Kizee, maana kilikwenda polepole, kilipiga kelele na hakikukosa jambo la mtu. Bibi Kizee akiona uzi wa moshi kati ya miti, anakwenda kuita wenziwe, na wenziwe hawaji kula. Kwa hiyo jiko lilikuwa shimo ardhini, na nyuma yake mitaro mirefu niliyoifunika kwa matawi na udongo mbichi. Moshi ulitambaa humo ndani, ukapoa, ukachoka, mpaka unapotokea upande wa pili umekuwa kama pumzi ya ng'ombe. Nilipika kabla ya mapambazuko na kukikucha moto umezimwa. Wanajeshi walisema hata nzi hajui Ut anapika wapi.

Mpishi aliyenitangulia aliachia moshi kidogo tu asubuhi moja, wa kiasi cha mkia wa mbuzi. Mjomba Bay, kamisaa wetu wa siasa, hakumgombeza. Alimpa mtumbwi avuke mto mkubwa, akashone vyandarua huko nyuma mpaka vita viishe. Na mimi na sindano hatupatani.

Sasa Khiem. Alikuwa mtu wa mjini, mwembamba, mwenye masikio makubwa, na alichora kila kitu. Alimchora anayefua, anayetoa ruba mguuni, anayelala mdomo wazi kwenye machela ya kamba. Rangi zake zilikuwa zimekaribia kwisha, akawa anatengeneza mwenyewe: njano aliipata kwa vidonge vya malaria, kahawia kwa maji ya magome, nyeusi aliifuata kwenye sufuria zangu, akizikwangua masizi. Kwa hiyo sufuria zilitakata, nami nikampenda mapema.

Vitani pia alikwenda na wanajeshi. Waliposhambulia kituo cha adui kwenye kona ya mfereji, alivuka maji yamemfika kidevuni, mkono mmoja umeinua karatasi juu ya kichwa, na akachora akiwa amelala nyuma ya tuta, tope mpaka kwenye nyusi. Waliporudi, wote walimzunguka kuona.

"Kaka Khiem," Tu Lep akalia, "umenichora nakimbia kurudi nyuma!"

"Ulikuwa unakimbia kurudi nyuma."

"Nilikwenda kuchukua risasi!"

"Basi huyu anakwenda kuchukua risasi."

"Lakini hapa haionekani! Hapa anaonekana mtu anayekwenda kwao! Nigeuze, kaka. Kichwa tu."

"Sichori nisichokiona," Khiem akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yake.

Watu walicheka, lakini hakuna aliyemwudhi zaidi, maana katika vita hivyo tulimpoteza Lam, kijana mpole aliyependa kunisaidia kuchambua mchele. Siku tatu kabla yake Khiem alikuwa amemchora, na kovu lake la shavuni na shati lake lililokosa kifungo. Picha ilifika kwa mama yake. Mama akajibu kwa barua kwamba ameona kifungo hakipo, akajua kweli huyu ni Lam wake, maana hata nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Khiem aliibeba barua hiyo mfukoni.

Kabla ya kwenda mkutanoni kwa siku tano, Mjomba Bay alimwambia Khiem, "Umechora kila mtu ila mtu muhimu. Nichoree jiko la Ut. Jiko ambalo adui hajawahi kuliona, sisi tulione. Nikirudi nitaangalia picha zote, na hiyo itangulie." Khiem alikuwa na karatasi moja kubwa iliyobaki. Akaiweka kwa ajili ya jiko langu. Nilitembea nimevimba kichwa siku nzima.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu.

Siku ya kesho yake ilikuwa siku ya kumlisha baba. Baba alifariki kwa homa nilipokuwa mdogo, na kila mwaka siku hiyo nyumbani tulimwandalia alichokipenda. Tunaweka, tunafukiza ubani, yeye anakula harufu, halafu sisi tunakula vinavyobaki, ambavyo kwa bahati nzuri ni vyote. Lakini mwaka huo nyumba yetu ilikuwa imeungua na kaka zangu wametawanyika. Kama nisingemlisha mimi, baba angeshinda njaa. Na baba alikuwa msumbufu. Hakutaka samaki wa kuchemsha wala wa kukaanga. Alitaka samaki wa matope, yule mwenye kichwa kama cha nyoka, achomekwe kijiti mdomoni, asimamishwe kichwa chini, afunikwe majani makavu ya mpunga, halafu majani yatiwe moto mpaka yaishe. Hakuna njia nyingine. Na majani ya mpunga, mwenzangu, yanatoa moshi kama harusi ya matajiri.

Nilijiambia kuna ukungu. Asubuhi hizo ukungu ulikuwa mzito, ulikaa juu ya mfereji kama pamba. Moshi ndani ya ukungu, nani ataujua? Nikatoka nje nyuma ya jiko, nikamchoma baba samaki wake. Ilichukua muda wa mtu kuvuta sigara moja. Ukungu nao, kwa ubaya wake, ukachagua dakika hiyo hiyo kufunguka. Nikauona moshi wangu umesimama wima juu ya miti, mweupe, umenyooka, kama askari anayeitwa jina. Nikarukia moto kwa miguu yote miwili.

Bibi Kizee alipita baadaye, akazunguka mara mbili, akaenda zake. Nilikaa shimoni na samaki kifuani, nikimwambia baba, "Kula haraka." Alipomaliza, nikala mimi. Sitakudanganya, alikuwa mtamu.

Mchana Khiem akaja jikoni kuanika picha yake mahali pakavu. "Tazama, dada Ut. Nimemaliza alfajiri."

Ilikuwa nzuri mpaka nikasahau kupumua. Paa langu la majani, sufuria zangu, miti yenye magome yanayochunika, ukungu chini. Na juu ya jiko, katikati ya karatasi, moshi. Umenyooka, unaitwa jina.

"Hiki ni nini?"

"Moshi."

"Jiko langu halina moshi!"

"Leo lilikuwa nao," akasema. "Ulikuwa mzuri sana. Nilikuwa ng'ambo ya mfereji nikisubiri ukungu ufunguke."

Mtu huyu, nakuambia, hakuwa na ubaya hata kidogo. Alidhani moshi ni moshi. Nikamweleza habari ya mpishi aliyenitangulia, ya mtumbwi na vyandarua. Akawa mweupe kuliko picha.

"Ufute," nikasema.

"Rangi ya maji haifutiki."

"Chora nyingine."

"Karatasi ndiyo hii."

"Basi tia mti hapo. Tia jani. Tia wingu!"

Akagusa mfuko wenye ile barua. "Mdogo wangu, mti hapo hakuna. Nikitia mti usiokuwepo, yule mama ataamini vipi kile kifungo?"

Ningemchapa mwiko, ila alikuwa na haki, na mtu mwenye haki huwezi kumchapa ukaona raha. Na Tu Lep, ambaye husikia sufuria ikifunuliwa maili mbili, alikuwa ameshaingia na kuiona.

"Lo! Ut, moshi huo ni wa nani? Mbona umenenepa?"

"Ukisema neno, Tu Lep!"

"Mimi? Mdomo wangu umefungwa. Ila ukijazwa ukoko, unafungwa vizuri zaidi."

Nikampa ukoko wa sufuria kubwa, wote. Alikula akinikonyeza. Halafu, katikati ya kutafuna, akasema jambo la maana, la kwanza na la mwisho maishani mwake: "Huo moshi umekaa kama yangeyange anayeruka."

Tukautazama wote watatu. Kweli. Shingo hii, bawa lile.

"Yangeyange wako wengi hapa," nikamwambia Khiem. "Kila siku."

"Juu ya jiko sijamwona."

"Utamwona."

"Nikimwona nitamchora," akasema. "Moshi ulikuwepo, nao umo. Yangeyange akija mbele yake, nitamweka mbele yake. Lakini aje."

Nilikuwa na siku tatu. Nikavua vidagaa kwa kikapu, nikavipanga juu ya udongo wa jiko kama mahari. Alfajiri ya kwanza Khiem akakaa ng'ambo na ubao wake magotini, mimi nimejificha kichakani, na Tu Lep pembeni yangu bila kualikwa. Wakaja bata wawili wa mtu, wakala vyote, wakajisaidia juu ya paa.

"Bata je?" Tu Lep akanong'ona. "Nao wana shingo."

Alfajiri ya pili akaja kenge, mrefu kama mkono wangu, akajilaza juu ya jiko lenye joto akafumba macho kama mstaafu.

Khiem akaita toka ng'ambo, "Kenge nimemwona! Nimchore?"

"Chora kenge uone!"

Yangeyange walikuwa palepale, sita, kumi, wamesimama majini hatua hamsini, wananitazama kwa dharau. Ndege hawa wanapenda samaki anayecheza. Wafu hawawataki. Hili nililijua tangu utotoni, ila hofu ilikuwa imenila akili. Siku ya tatu nikaweka juu ya jiko sinia la bati, nikalijaza maji, nikatia vidagaa hai vinavyorukaruka. Jua lilipochomoza kidogo, sinia likameremeta, na yangeyange mmoja akanyanyua shingo. Akaja kwa miguu, hatua moja, anafikiri. Hatua ya pili, anafikiri tena, kama mkwe anayeogopa matope. Tu Lep aliniuma bega ili asicheke. Ndege akapanda juu ya jiko, akadokoa kimoja, akadokoa cha pili, halafu Tu Lep akapiga chafya, na yangeyange akafungua mabawa yote mawili, mweupe, akapaa pale pale moshi ulipokuwa.

"Nimemwona!" Khiem akapiga kelele, akaanguka na ubao wake mferejini.

Picha haikuwa kwenye ubao, namshukuru Mungu. Lakini tulipokaa kuichora, akapekua kisanduku chake, akakuna sikio. "Nyeupe imekwisha."

Rangi nyeupe msituni utaipata wapi? Tulijaribu unga wa mchele, ukawa kama kidonda. Tukajaribu majivu, yangeyange akawa kunguru. Kitu cheupe kweli katika kombania nzima kilikuwa kimoja: kopo la unga wa meno la Mjomba Bay, alilotumiwa na mkewe. Sisi tulipiga mswaki kwa chumvi na kidole. Mjomba Bay alikuwa na kopo, na aliliheshimu kama cheo.

Mimi ndimi niliyekuwa nikifagia kibanda chake. Nilifagia vizuri sana asubuhi hiyo. Nikarudi na kopo, tukachota vijiko viwili vya unga, Khiem akauchanganya na uji wa mchele wa kunata, na yangeyange akatoka mwenye afya, mabawa yametanda, moshi umefunikwa wote. Alikuwa mzuri kuliko yule wa kweli. Jiko zima lilinuka mnanaa.

Mjomba Bay alirudi mchana huohuo. Picha zilitundikwa kwenye kamba kati ya miti, zimebanwa kwa vijiti vya mianzi kama nguo zilizofuliwa. Watu walipita wakijitafuta. "Hee, pua yangu!" "Hiyo ndiyo pua yako, umezoea kuiona kutoka juu." Mjomba Bay alipita taratibu toka mwisho wa kamba, mikono nyuma. Kwenye picha ya vita alisimama kitambo. Kwa Lam kulikuwa na nafasi tupu kwenye kamba, hapo pia akasimama. Halafu akafika mwanzo wa kamba, kwa jiko langu, lililotangulizwa kama alivyoagiza.

Akatabasamu. Akasogea. Akasogea tena. Nikaona pua yake inacheza.

"Yangeyange huyu," akasema, "amepiga mswaki."

Hakuna aliyecheka. Kisha Tu Lep akacheka, akajifunika mdomo.

"Khiem. Ulimwona yangeyange huyu?"

"Nilimwona, Mjomba. Leo alfajiri. Juu ya jiko."

"Mmh. Na kabla yake, mahali hapo, uliona nini?"

Masikio makubwa ya Khiem yakawa mekundu, na mkono ukaenda mfukoni kwenye barua. Nikaona anavyohangaika: akisema kweli ananivusha mto, akisema uongo anamwondolea yule mama kifungo chake. Na yote hayo kwa ajili ya samaki wangu. Basi miguu yangu ikatoka mbele kabla sijaiamuru.

"Kabla yake ulikuwa moshi, Mjomba. Moshi wangu. Usimwulize yeye."

Hata Tu Lep aliacha kutafuna.

"Ulikuwa unapika nini saa hiyo?"

"Samaki. Kwa majani ya mpunga."

"Samaki yule? Kichwa chini?"

"Kichwa chini."

Nilimwona anameza mate, lakini uso aliukaza. "Alimla nani?"

"Baba," nikasema. "Halafu mimi."

"Baba yako yuko wapi?"

"Amefariki, Mjomba. Ilikuwa siku yake. Na samaki wa kuchemsha alikuwa hali."

Watu walianza kukohoa kohoa, wale wenye baba zao huko mbali, na wale wasiojua kama bado wanao. Mjomba Bay akaitazama picha tena, muda mrefu.

"Bibi Kizee angewaua watu sabini," akasema. "Unajua?"

"Najua." Na nilijua. Hapo nililia, na sikulia kwa sababu ya vyandarua.

"Siku kumi hutashika mwiko. Utachimba mahandaki. Baada ya hapo nitaamua kama unavuka mto. Atapika Tu Lep, maana naona jiko analipenda." Akageuka kwenda, akarudi. "Na mwenye siku ya mzazi wake aje aniambie. Samaki atafunikwa udongo wa mfinyanzi, ataokwa kwenye makaa. Hautoki moshi. Wazazi watavumilia, ni vita." Akaondoka, akarudi tena. "Na kopo langu lirudi lilipokuwa."

Nilichimba. Siku ya kwanza Tu Lep alipika wali ambao juu ulikuwa mbichi, katikati uji na chini mkaa. Siku ya pili alitaka kurekebisha, akapika wote mkaa. Siku ya tatu akasahau chumvi, siku ya nne akaikumbuka ya siku zote mbili. Siku ya tano wanajeshi walipanga mstari mbele ya kibanda cha Mjomba Bay, wameshika bakuli zao, hawasemi kitu. Mbele kabisa alisimama Tu Lep mwenyewe.

"Mjomba," akasema, "mimi nirudishe vitani."

Siku ya sita alfajiri nilikuwa jikoni. Moshi haukutoka tena mpaka vita vilipokwisha. Mjomba Bay alimaliza kopo lake mapema, na kila nilipompelekea chai alikuwa anachovya kidole kwenye chumvi, akinitazama.

Picha ile sasa iko mjini, kwenye jumba la makumbusho, ndani ya kioo. Khiem alifariki mwaka juzi, amezeeka, masikio yake yamezidi kukua. Kila mwaka siku ya baba alikuja kwangu kula samaki wa majani, na moshi tuliuachia mpaka majirani wakafunga madirisha.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipeleka kuitazama. Nilisogeza pua kwenye kioo.

"Bibi, usikaribie sana," msichana wa pale akasema.

"Nanusa tu, mwanangu."

Akanihurumia. Lakini aliposikia kwamba jiko ni langu, alifurahi, akaenda kumwita mkubwa wake, kijana mwenye miwani. Yule akasema kuna jambo linawasumbua. Rangi ya ndege imeanza kubanduka, na hawajui ni rangi gani, haifanani na nyeupe yoyote wanayoijua. Na chini ya bawa, kweli, nikauona: mstari wa kijivu unachungulia, umenyooka vilevile, bado unaitwa jina.

"Bibi ulikuwepo," akasema, kalamu mkononi. "Hiki cha nyuma ni nini? Tuandike nini?"

Nikakitazama. Nikamfikiria Mjomba Bay, na sifa ya jiko langu.

"Ukungu," nikasema. "Asubuhi zile ulikuwa mzito sana."

Akaandika. Aliyeapa kusema kweli alikuwa Khiem. Mimi nilikuwa mpishi.